Maswali Kumi Uliyompelekea Mwalimu Moraa

Chebet mwanangu,

Umetoka saa nane kwenda kuwaaga shangazi zako, na ulivyobeba huo mkoba mpya mtu angedhani unaenda kuolewa. Nimekufuata kwa macho mpaka kwenye kona ya mikaratusi. Hukugeuka hata mara moja. Nimeona wivu. Nakuandikia hivyo mapema ili usishangae huko mbele: mama yako ana wivu, tena sio kidogo. Siku yako ya mwisho nyumbani na shangazi zako wamekula nusu yake, nami nimebaki na kalamu na paka.

Mambo ya sabuni, ya godoro, ya kufunga sanduku kwa kufuli, sitakuandikia. Shangazi yako mkubwa amekwambia yote leo, na kesho kabla gari halijafika Bomet atakuwa amekupigia simu ayarudie. Mimi nina jambo moja. Nimekaa nalo miaka saba. Kesho ukienda Migori kuanza chuo cha ualimu utapita Sotik, na sitaki upite Sotik bila kulijua. Linamhusu Mwalimu Moraa.

Najua umekunja uso. Kila jina lake likitajwa hapa nyumbani unakunja uso na kutafuta kazi ya kufanya nje. Unamjua kama yule mwalimu aliyekufundisha kuuliza maswali kwa Kiingereza ukiwa darasa la sita, akakufanya umpende, kisha akakuacha bila sababu. Hakukuacha, Chebet. Mimi ndiye niliyemtoa kwako, kwa mikono yangu, mchana kweupe, mbele ya watu.

Ngoja nianze nyuma, la sivyo utanichukia kabla ya kunielewa. Ukinichukia baada ya kunielewa, hiyo ni haki yako.

Kabla ya Moraa, maswali yako yote yalikuwa yangu. Ulikuwa unanifuata kwenye mistari ya chai, kichwa chako hakijafika hata kimo cha miche, na unauliza bila kupumua. Mama, chai ikiachwa inakuwa mti? Mama, ng'ombe anajua jina lake? Mama, ukungu unaenda wapi mchana? Nilikuwa nachuma huku na huku nakujibu, na mengi nilikuwa nayatunga tu. Nilikuambia ukungu unaingia kwenye mashimo ya panya kulala. Uliamini mwaka mzima, ukawa unapita mashimo ya panya kwa adabu. Baba yako alisema nakuharibu. Nilimwambia aniache, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa ananiuliza kitu. Mimi ni mtu niliyeacha shule darasa la tano mama yangu alipougua. Watu hawaniulizi, wananiambia. Wewe uliniuliza.

Kisha wakaja Moraa na mume wake. Walitoka upande wa Kisii, mume akiwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai, wakanunua shamba dogo chini yetu. Moraa akapata kazi kwenye shule ya ng'ambo ya mto, na jioni alikuwa anachuma chai yake mwenyewe na kuileta kituoni, pale chai inapopimwa na kungoja lori la kiwanda, kama sisi wengine. Unakumbuka lori lilivyokuwa linachelewa. Majani yamepimwa, magunia yametundikwa, na watu wamekaa tu wanapiga domo. Yeye hakuweza kukaa tu. Aliwakusanya nyinyi watoto juu ya magunia matupu na kuanza.

Alikuwa anakushika bega. "Does Chebet pick tea?" Kisha anakuvuta pamoja na mwenzako. "Do Chebet and Chelangat pick tea?" Mmoja, does. Wengi, do. Mimi na wewe, do. Mkawa mnaitikia kama kwaya. Mimi nilikuwa pale kwenye meza ya kukagulia nikijifanya napanga majani, na masikio yangu yote yako kwenu. Nikasema moyoni, hawa Waingereza nao! Mtu mmoja anapewa neno refu, watu wengi wanapewa neno fupi. Na ile s yao ndogo, ukiwa unasema tu inakaa mwisho wa neno, ukiuliza inatoka mwisho inakimbia mbele. Kwa Kiswahili unapandisha sauti, swali limekwisha. Lakini nilishika, Chebet. Hukujua kamwe kwamba nilishika. Usiku huo nilimwambia ng'ombe, nikiwa namkamua, "Does you give milk?" Nilijua nimekosea mahali na sikuwa na mtu wa kumuuliza.

Wewe ulikuwa na mtu wa kumuuliza. Hapo ndipo wivu ulianza.

Ulikuja nyumbani na maswali ya Kiingereza kama mtu aliyevaa nguo mpya. Ulimuuliza baba yako, akacheka akakujibu yes, yes, kwa kila kitu. Uliniuliza mimi, nikakuambia, "Ongea lugha ya watu." Uliniuliza tena, nikakutuma maji. Mara ya tatu hukuniuliza. Siku moja nilikuwa nimekaa nje napaka mkaa ndani ya kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, ukapita. Zamani ungechuchumaa na kuuliza kwa nini maziwa meupe yanawekwa kitu cheusi. Ulipita kama unapita kisiki. Nikakuona unashuka kwenda kwa Moraa, umeshika daftari, unakimbia.

Nilianza kumchunguza yule mama kama mtu anayechunguza mke mwenza. Nilijua ana sweta ngapi. Nilijua anacheka na meno ya juu tu. Niliwaambia wanawake wa kanisa kwamba anajiona. Alikuwa hajioni. Alikuwa ananisalimia kila siku, "Mama Chebet, mtoto wako ana akili, wallahi, ameuliza hivi na hivi," na kila aliposema hivyo nilisikia mtu ananionyesha mali yangu ikiwa kwake.

Basi ikafika siku ya daftari. Uliliacha juu ya meza ya kituo ukaenda kucheza. Nililichukua, nikafungua, nikaona maneno yako mazuri yaliyonyooka, na neno moja nilikuwa nalijua: mother. Limejaa ukurasa. Nikampa karani wa kituo, nikamwambia, "Hebu nisomee hapa juu, sina miwani." Sijawahi kuwa na miwani maishani mwangu.

Karani akasoma kwa sauti, na yule mtu sauti yake unaijua. "Does my mother know English? No, she does not." Kisha akaliweka chini akacheka. "Mama Chebet, huyu mtoto amekuanika, eti hujui Kiingereza!" Watu wote mezani wakacheka. Mmoja akasema, "Sasa uende ukafundishwe na mtoto." Nilicheka pia, ndiyo njia ya kutolia. Lakini ndani niliamua kwamba neno hilo limetoka kwa Moraa. Kwamba ndiye aliyekaa na mtoto wangu wakanicheka kwa Kiingereza.

Sasa nakuandikia nililofanya. Nimeandika sentensi hii mara tatu kwenye karatasi nyingine.

Unakumbuka nilikuwa kwenye kamati ya kituo. Kazi yangu ilikuwa kukagua majani kabla ya karani kupima: yawe majani mawili na ncha yake, laini, bila matawi, bila majani magumu ya zamani. Kesho yake Moraa alileta kikapu chake, akakiweka mwisho wa meza, akaja kwenu kwenye magunia. Mimi nilikuwa nimekata majani magumu kutoka mpakani, yale ya miche ambayo haikupogolewa, mapana kama ulimi wa ng'ombe. Niliyaingiza chini ya kikapu chake, mikono miwili, nikayafunika na yake laini. Kisha nikangoja zamu yake ifike, na nyinyi watoto mmeshakwenda kurudisha ng'ombe nyumbani. Nikakimwaga kikapu juu ya turubai mimi mwenyewe, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Na nikaita watu.

"Njooni muone majani ya mwalimu!"

Wakaja. Mwenyekiti akashika jani moja akaliinua juu. Nilijua atasema nini kabla hajasema, na ndiyo maana nililipanga hivyo, Chebet, hilo ndilo linanikaba zaidi. Kama ningemfanyia hivyo mtu wa hapa, wangeuliza. Wangesema labda watoto wake ndio walichuma, labda kuna makosa. Kwa Moraa hakuna aliyeuliza. "Hii majani ni ya kuharibia kituo jina," mwenyekiti akasema. Mwingine akasema, "Hawa watu wa kuja wako hivyo tu. Ukiwapa nafasi wanakuharibia." Jambo likaisha kwa haraka, kama lilikuwa linangoja mtu wa kulianzisha.

Moraa hakupiga kelele. Aliangalia majani, akaangalia mikono yangu. Majani magumu yanaacha utomvu, unajua, na vidole vyangu vilikuwa vyeusi, na siku hiyo sikuwa nimechuma kwa sababu nilikuwa zamu ya kukagua tangu asubuhi. Aliona. Akasema, "Haya, Mama Chebet." Akakusanya yale ya kwake yaliyo mazuri na yale ya kwangu yaliyo mabaya, yote, akayamwaga kwenye ua, akaenda.

Walimzuia kuleta majani mwezi mzima. Hakurudi hata mwezi ulipoisha. Akawa anavuka mto na kikapu mgongoni kupeleka chai kituo cha ng'ambo, kule kwenye matope. Masomo ya kwenye magunia yakafa.

Ulikaa siku tatu unangoja pale. Siku ya nne ulikuja jikoni, ukaniuliza kwa lugha yetu, polepole: "Mama, mwalimu amenikasirikia?" Ulikuwa umerudi kwangu na swali. Nilikuwa nimeshinda. Na nikakujibu, "Hao watu wako hivyo. Wakichoka na wewe wanaenda."

Nimekosa mambo mengi kwenye maisha. Niliwahi kuuza ndama mzuri kwa hasira. Nilikataa kuzungumza na dada yangu mpaka akaenda hospitali. Lakini lile jibu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu uliliamini, na ukalifanyia kazi. Muhula ulipoisha mume wake alipata kazi Sotik, na Moraa akapanda hapa nyumbani kukuaga. Wewe ulimuona akiwa bado njiani, ukaingia kwenye chai na kuketi chini katikati ya mistari. Alikuita mara mbili. Nilijua uko wapi, nilikuwa naona kitambaa chako chekundu. Nikamwambia, "Hayuko." Akanipa daftari lako, alikuwa amelichukua kusahihisha siku ile ya mwisho kwenye magunia. Akasema, "Mpe. Na umwambie maswali yake nimeyapenda." Nikamtazama akiteremka, na nikwambie ukweli? Nilifurahi. Nilipika chapati siku hiyo. Ulikula moja, ukaenda kulala.

Daftari sikukupa. Nililitia ndani ya debe la mahindi ya mbegu.

Baada ya hapo hukuniuliza tena. Ulikuwa unauliza chakula kiko wapi, nguo iko wapi. Yale mengine, ya ukungu, yaliisha. Nilidhani nikimtoa Moraa yatarudi kwangu kama ng'ombe wanavyorudi jioni. Ulijifunza tu kwamba ukimuuliza mtu sana anachoka na wewe. Nilikufundisha mimi.

Mwaka juzi nilienda Sotik sokoni kuuza kuku, nikamuona. Ana chumba nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, mlango wa bluu, watoto wamejaa mpaka nje. Amezeeka kidogo. Amemshika mtoto mmoja bega, anauliza vile vile: does huyu, do hawa. Nilisimama na kuku wangu nikawaangalia wale watoto, na badala ya kuona aibu niliona wivu tena, safari hii kwa niaba yako. Nikasema, hao wamechukua nafasi ya Chebet. Nikaondoka bila salamu. Wivu wangu hauna akili, unaona. Unashika chochote kilicho karibu.

Lakini nilipofika nyumbani nilijiandikisha darasa la watu wazima pale kanisani. Nyinyi mlicheka mkidhani naenda kujifunza kusoma Biblia kubwa. Nilienda kwa ajili ya lile debe. Sikutaka tena kusomewa na karani. Imenichukua muda, kichwa changu ni kigumu kama yale majani. Mwezi uliopita, barua yako ya chuo ilipofika, nilitoa daftari na kukaa nalo kwenye jua.

Chebet, karani alisoma la kwanza tu. Kuna kumi.

Does my mother know English? No, she does not. Hilo tunalijua. La pili: Does my mother sing when she picks tea? Yes, she does. Does my mother eat last? Yes, she does. Does my mother know where the mist goes? Yes, she does. Nilisoma hilo la ukungu nikalazimika kusimama na kuzunguka nyumba. Does my mother cry? I do not know. Kumi yote ni mimi. Nilikuwa naona umempelekea Moraa maswali yako, kumbe ulikuwa umempelekea habari zangu. Ulikuwa unakimbia kuteremka na daftari kwenda kunitaja.

Na chini, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wake: Good questions, Chebet. Now go and ask her. Maswali mazuri, Chebet. Sasa nenda ukamuulize yeye. Alikuwa amekurudisha kwangu. Alipanda mlima huu kuleta jambo hilo, nami nikalifukia kwenye mahindi. Na hata hapo, nikiwa na machozi, nilikasirika kwamba yeye ndiye aliyelisema kabla yangu.

Ijumaa iliyopita nilienda kituoni, nikasimama pale mezani na kuwaambia kila kitu. Nilidhani watanitoa ngozi. Mwenyekiti akasema, "Mambo ya zamani hayo, mama. Si huyo mwalimu alienda?" Wakaendelea kupanga majani. Nilitamani wangenitukana. Nimewaambia wamtumie neno la kumwomba msamaha, wakasema wataangalia. Nitawasumbua mpaka waangalie. Nina mdomo, unajua.

Kwa hiyo sikuambii uende Sotik kunisafisha. Hilo ni la kwangu, na nitaenda mwenyewe kabla ya mvua. Nakuambia uende kwa sababu uliketi kwenye chai mtu akikuita, na anastahili kujua kwamba hukuwa umechoka naye, na wewe unastahili kujua kwamba hakuwa amechoka nawe. Shuka stendi, uliza kinu cha kusaga. Mlango wa bluu. Utakuwa mwalimu wa Kiingereza, na utawashika watoto bega, na kila mama atakayekutazama vibaya kutoka upande wa meza, mkumbuke mama yako. Mama huyo mpe karatasi asome mwenyewe. Asipojua, mfundishe bila watu kuona.

Kuna kibuyu cha mursik nimekifunga kwa leso ya kijani. Hicho ni cha Moraa. Mursik yako iko kwenye chupa ya plastiki. Nilitaka kufanya kinyume, nikabadilisha mara mbili asubuhi, mwishowe nikaacha hivyo. Mwambie kibuyu ni cha mama yangu na nakitaka, kwa hiyo akirudishe yeye mwenyewe, kwa miguu yake, mpaka hapa.

Daftari liko ndani ya sweta lako la bluu. Usome maswali yote njiani. Yale uliyojibu umejibu vizuri, isipokuwa la kulia, ambalo sasa unajua jibu lake. Na ukiwa huko chuoni, likija swali la aina ile ya zamani, la kipuuzi kabisa, la ukungu na panya, usimpe mtu mwingine kwanza. Nipigie mimi. Nitatunga.

Utaona la kumi. Uliliandika ukaacha nafasi ya jibu tupu, na Moraa naye hakuligusa. Does my mother like my teacher? Kama mama yako anampenda mwalimu wako: nimekaa nalo mchana kutwa. Nimekudanganya mara moja kuhusu huyu mama na sitaki kukudanganya mara ya pili, kwa hiyo nimelijaza mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa Kiingereza sahihi. No, she does not.

Lakini nimeandika kwa penseli. Raba iko kwenye mfuko wa sweta.

Mama yako